Mlango na Chumba

Jioni moja mjini Arusha, wingu likiwa limeufunika Meru, niliketi kungoja maneno ya mzee aliyekwisha kufariki. Nilikuwa nimetunga programu ndogo ya kuleta, kwa njia ya intaneti iliyofumbwa, maandishi ya masimulizi ya wazee wa Engare Nanyuki: jinsi walivyohamishwa kwa nguvu mwaka wa 1951, hata Kirilo Japhet akaenda Umoja wa Mataifa mwaka wa 1952 kuidai ardhi yao. Masimulizi yalikuja vizuri mpaka nyumba zilipotiwa moto, kisha yakakoma. Nililaumu mtandao, halafu, kwa kukosa wa kumlaumu, nikalaumu mvua.

Kijana mmoja aliyesomea ufundi huo Tengeru aliniuliza, "Mwalimu, unamwuliza nani kama pana kitu cha kusoma?"

"Naiuliza soketi," nikamjibu.

Akatabasamu kwa adabu.

Soketi ni mlango tu. Habari hufika hapo hali zimefumbwa, katika mafungu, na fungu moja laweza kubeba hata baiti 16,384 za maneno. OpenSSL hulitwaa fungu zima, hulifumbua, na kuliweka chumbani mwake. Fungu la mwisho la mzee wangu lilikuwa la kujaa. Mimi niliomba baiti 4,096, nikapewa, kisha nikarudi mlangoni kuuliza. Mlango ukajibu kweli tupu: hapana kitu. Baiti 12,288 zilikuwa chumbani. Kompyuta ya mbali ilikwisha kusema yote, ikangoja nikiri kupokea. Nami nikangoja ineneze. Tungalingojana hata asubuhi.

Kila mwaka huwafundisha wanafunzi kwamba kufumbua ni kinyume cha kufumba, nikaendelea na mengine. Sikupata kufikiri kuwa baina ya vitendo hivyo viwili pana mahali ambapo neno laweza kukaa, limekwisha kuwa wazi, lisisomwe na mtu.

Dawa ilikuwa mstari mmoja: kabla ya kungoja mlangoni, uliza SSL_pending kama chumbani mmebaki kitu. Kijana akanionya pia juu ya kinyume chake. Mlango waweza kusema pana kitu, kumbe ni nusu ya fungu, na nusu haifumbuliki. Hapo msomaji hupewa jibu la kungoja zaidi, wala asilidhani kuwa kosa.

Nikaongeza mstari ule, nikaianzisha programu upya. Nyumba zikaungua tena, na safari hii mzee akaendelea: ng'ombe wakaswagwa kuelekea Kingori.