Barua kwa Profesa Asiyekujua

Watu wa nyumbani wakisikia nafanya utafiti wa saratani Toronto, swali huwa lile lile: fomu inapatikana wapi? Huwajibu kwamba fomu iko mtandaoni na kuijaza si kazi. Tatizo ni kwamba katika fani yetu fomu huja mwisho. Kabla yake yuko mtu mmoja, mwenye maabara yake na fedha zake za utafiti, ambaye lazima kwanza akutake.

Nilianza kazi Dar es Salaam kama mteknolojia wa maabara, upande wa histolojia. Vipande vya nyama vilikuja kutoka chumba cha upasuaji vikiwa kwenye formalini. Mimi navizamisha kwenye nta, nta ikiganda nakata kwa mikrotomu utepe mwembamba kuliko karatasi, naulaza juu ya maji ya vuguvugu, nauopoa kwa kioo, kisha naupaka rangi. Ukiikata vibaya tishu inajikunja, na daktari wa patholojia hatakusamehe. Vingi kati ya vipande hivyo vilikuwa vya umio. Wagonjwa wenyewe walifika hospitali wakiwa hawawezi kumeza hata uji.

Saratani ya umio ina ukanda wake, kuanzia Ethiopia, ukipita Kenya na Tanzania, hadi Malawi. Huko Bomet, magharibi mwa Kenya, madaktari wameona hata vijana ambao hawajafika miaka 30. Watafiti wamekwenda Kilimanjaro kupima joto la chai inaponywewa, na wengine wametazama moshi wa jikoni, lakini jibu lililokamilika bado. Hilo ndilo nililomwandikia profesa mmoja wa Toronto, mwanamama aliyekuwa amechapisha makala kuhusu ugonjwa huo. Alama zangu niliziweka mwishoni kabisa. Alinijibu kwa maswali matatu ya kitaalamu, na mwaka uliofuata nilikuwa maabarani kwake.

Maabara yetu ilikuwa kwenye mnara wa utafiti wa kituo cha saratani cha Princess Margaret, Mtaa wa College, ndani ya eneo la majengo ya utafiti liitwalo MaRS. Upande mmoja wa eneo hilo limesalia jengo la zamani la Hospitali Kuu ya Toronto, hospitali ambamo Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa sindano ya insulini kabla ya mgonjwa mwingine yeyote. Lakini katika idara yetu, Idara ya Medical Biophysics, hadithi wanayokupigia ukifika ni nyingine. James Till, mwanafizikia, na Ernest McCulloch, daktari wa damu, waliwapiga panya mionzi mpaka uboho wao ukafa, kisha wakawadunga uboho mzima. Baada ya siku kadhaa bandama za panya zikaota vinundu, na kadiri seli zilivyodungwa nyingi ndivyo vinundu vilivyoongezeka. Kila kinundu kilikuwa kizazi cha seli moja. Makala yao ya 1961 ndiyo iliyoweka msingi wa elimu ya seli shina. Niliipenda hadithi ile kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa kuhesabu vinundu, na mtu wa histolojia anajua kuhesabu.

Mafunzo yenyewe hayafanani na shule. Madarasa ni machache. Unalipwa posho ya kuishi, si ya kuwekeza, na unaingia maabara asubuhi kulisha seli. Chakula chao ni maji ya rangi ya waridi. Ukikuta yamegeuka manjano, ujue zimejaa na zimeyachosha, zigawe upesi. Kila baada ya miezi kadhaa unasimama mbele ya kamati ya maprofesa, wanakuchambua. Ukiwa mzuri, unapewa mtihani wa kuvuka kutoka uzamili kwenda uzamivu bila kumaliza ile shahada ya uzamili. Kwetu jambo hilo lingehitaji barua kumi na mihuri yake.

Kuna jambo linalowaumiza wageni ambalo halisemwi kwa sauti. Nilipoanza, karo ya mwanafunzi wa kigeni ilikuwa juu mno kuliko ya mwenyeji, na sehemu ya mzigo huo ilimwangukia msimamizi. Profesa mwenye nafasi moja na waombaji wawili wanaolingana angemchukua nani? Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Toronto kiliwashusha wengi wa wageni wa uzamivu hadi karo ya wenyeji. Naamini hatua hiyo imetusaidia kuliko hotuba zote za ushirikiano nilizowahi kuzisikia.

Na seli nilizokuwa nazilisha? Zilikuwa za Kijapani. Nilikwenda na swali la Bomet na Kilimanjaro, nikakuta kwenye nitrojeni seli za KYSE, zilizotokana na wagonjwa wa Kyoto. Si kosa la mtu, ndizo zilizokuwepo. Zamani ilikuwa kinyume: miaka ya 1960 uvimbe aliouelezea daktari Denis Burkitt pale hospitali ya Mulago, Kampala, ulikuwa ukipanda ndege peke yake kwenda London, na mwaka 1964 watafiti Epstein, Achong na Barr wakaona ndani yake kirusi kinachoitwa leo Epstein-Barr. Uvimbe ulisafiri, Waganda waliouugua na wale waliowahudumia wakabaki. Sasa tunasafiri sisi, na tishu zetu hazimo kwenye friji.

Baada ya uzamivu niliingia kwenye kile tunachokiita posdoki. Hapo ndipo njia inapokuwa nyembamba. Huna karo, huna darasa, una mkataba wa mwaka mmoja mmoja unaotegemea fedha za mwenye maabara. Ufadhili wa Banting, ulioanza 2010, ulitoa dola 70,000 kwa mwaka, miaka miwili, na mgeni aliruhusiwa kuomba. Lakini nafasi zilikuwa 70 kwa Kanada nzima, fani zote. Mama yangu aliniuliza kwenye simu, "Mwanangu, utasoma mpaka lini?" Nikamwambia, "Shikamoo mama, sisomi tena, nafanya kazi." Hakuridhika, na kusema kweli alikuwa na hoja. Posdoki wengi niliofanya nao hawakupata uprofesa. Wako kwenye kampuni za dawa na maofisi ya serikali. Mmoja anafundisha kemia sekondari, na anafurahi.

Mimi nilibaki kama mtafiti mwajiriwa, na sehemu ya kazi yangu ni kusoma barua za waombaji. Nyingi zinazotoka Afrika Mashariki husema mwandishi ni mchapakazi, mcha Mungu, na tangu utotoni aliota kutibu saratani. Hizo hatuzijibu. Binti mmoja wa Mwanza aliandika aya mbili: kwenye picha ya nne ya makala yetu kingamwili haikupaka pale alipotegemea, je, tulijaribu nyingine? Aliitwa kwenye mahojiano.

Basi soma makala tatu za maabara unayoitaka, uliza swali moja ambalo halijajibiwa humo, ambatisha wasifu wa kurasa mbili. Idara nyingi za Toronto hufunga maombi ya kuanza Septemba kati ya Desemba na Februari, kwa hiyo barua kwa profesa iende mwezi wa tisa au wa kumi.