Mpunga Ukiwa Uwanjani

Nilipokuwa mtoto Ifakara, mwezi Juni hakuna aliyeangalia mawingu. Maji ya Kilombero yalikuwa yamesharudi mtoni, matope ya njiani yamekauka hadi yakapasuka, na familia zilizohamia shamba tangu Desemba zilikuwa zinashuka kwenye madungu na kurudi mjini na mpunga wao. Bibi alitandika majamvi uwanjani asubuhi, akamwaga mpunga, kisha akawa anaugeuza kwa nyayo, anakwenda na kurudi taratibu. Sisi watoto tulifukuza kuku. Jioni ulikusanywa lundo na kufunikwa magunia, kwa ajili ya umande tu. Siku moja nilimuuliza, je, mvua ikinyesha?

"Mvua imeshaaga, mjukuu wangu."

Kila kitu kilipangwa juu ya neno hilo. Harusi, ngoma ya sangula, kufyatua tofali, safari ya kuvuka kwa pantoni kwenda kuhani msiba Mahenge: vyote vilisubiri mpunga uingie ndani, na baada ya hapo anga lilikuwa letu mpaka Novemba. Sikumbuki kuona turubai kwenye harusi yoyote ya utotoni mwangu. Watu walikaa chini ya mwembe.

Siku niliyoona neno la bibi likishindwa ilikuwa Alhamisi ya mwezi Julai. Dada yangu alikuwa anaolewa Jumamosi. Gunia nane zilikuwa juani, tayari kwa mashine, na watu wazima wote walikuwa nyumba ya pili kwenye kikao cha harusi. Mvua ikanyesha, nayo haikufika hata saa moja. Tulizoa kwa ungo, kwa khanga, kwa mikono, na mpunga mwingine ukatiririka na maji hadi kwenye migomba. Tuliuanika tena siku nzima ya Ijumaa. Kwa macho ulikuwa uleule.

Mashine ndiyo ilitwambia ukweli. Punje iliyokwisha kukauka ikinywa maji tena hupasuka ikiwa bado ndani ya ganda lake, na ukoboaji humalizia tu kuivunja. Karibu nusu ya mchele wetu ulitoka chenga. Wageni walikula wakashiba, lakini gunia zilizobaki, ambazo ndizo zingelipa madeni ya harusi, ziliuzwa kwa bei ya chenga. Bibi alichota mchele kiganjani, akauangalia kwa muda mrefu, akaurudisha. Hakusema neno jioni ile.

Tuliichukulia kuwa bahati mbaya ya mwaka mmoja. Ikaja El Niño ya 1997 na 1998, wazee wakasema baada ya hapo majira yatarudi palepale. Kwa jinsi nilivyoyaona mimi, hayakurudi. Vuli ikawa inachelewa, masika yakawa yanang'ang'ania hadi wakati wa mavuno. Mwaka 2024 mvua zilishikana hadi mto Lumemo, unaoteremka kutoka milima ya Udzungwa, ukafurika na kuingia mjini. Uwanja wa bibi ulikuwa bwawa.

Hofu moja, ya kuvuka mto, imeondoka, na ni haki niiseme. Januari 2016 pantoni ilipinduka mtoni kwa upepo na mvua. Tangu 2018 tunavuka kwa daraja la mita 384, na msiba wa Mahenge hausubiri tena hali ya hewa.

Uwanjani hakuna daraja. Sasa kila nyumba ina turubai, na dada yangu husoma kwenye simu utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kumwaga mpunga. Hata hivyo lazima abaki mtu. Harusi ya binti yake mwaka jana yeye mwenyewe aliingia ukumbini saa mbili usiku, kwa sababu wingu lilitanda alasiri akarudi mbio kuzoa. Mama wa bibi harusi! Hilo linaniuma kuliko gunia nane zile.

Mashine za kukoboa mjini zina paa, maana hakuna anayekubali mtambo wake unyeshewe. Mpunga wenyewe unalala nje. Naiomba halmashauri, vyama vya ushirika na wenye mashine: jengeni sakafu za saruji zenye paa, walau moja kila kata, kabla ya mavuno yajayo. Tutalipia kila gunia.