Kikulacho Kimo Chini ya Kiti

Mimi ni fundi wa magari, si mwanajeshi. Katika mashine yoyote swali langu la kwanza huwa ni hili: aliyeketi ndani ameketi juu ya nini? Land Rover za zamani zilikuwa na tangi la petroli chini ya kiti cha mbele, na hakuna fundi mwenye akili aliyechomelea karibu na hapo kabla ya kulishusha.

Mwezi wa Februari 2009 meli iitwayo Faina, iliyotekwa na maharamia wa Kisomali Septemba 2008, iliingia Mombasa na vifaru 33 vya aina ya T-72. Watu walizungumzia kikombozi na siasa. Mimi nilitaka kujua vifaru hivyo vimeundwaje.

Wasovieti waliingiza T-72 jeshini mwaka 1973. Walitaka kifaru kifupi, chepesi na cha bei nafuu, kitakachoundwa kwa maelfu. Basi wakamwondoa askari wa nne, yule apakiaye mzinga, wakaweka mashine mahali pake. Mashine hiyo ni kama sahani kubwa izungukayo sakafuni, imebeba makombora 22 pamoja na baruti zake, na juu yake hukaa kamanda na mpiga mzinga. Makombora mengine hupangwa humo humo, ubavuni mwa watu. Silaha ya adui ikipenya na moto ukaifikia baruti, kile kichwa kizito chenye mzinga hung'oka na kurushwa hewani. Waliomo hawapati hata nafasi ya kufungua mlango.

Haya yalionekana Iraki mwaka 1991. Yalionekana tena Grozny, ambako Warusi waliingia tarehe 31 Desemba 1994, na Wachecheni wakavilenga vifaru kutoka vyumba vya chini na ghorofa za juu, tena kwa RPG-7, silaha ya Kisovieti vilevile. Tangu 2022 yameonekana Ukraine, ambako pande zote mbili zinatumia vifaru vya ukoo huo.

Haki isemwe: si muundo peke yake ulioleta hasara hizo. Wairaki walikosa darubini za kuona joto gizani na katika vumbi. Grozny vifaru viliingizwa mitaani bila askari wa miguu wa kutosha. Wala hakuna kifaru kisichoungua. Lakini katika Abrams ya Marekani makombora mengi hukaa nyuma ya kichwa, yametengwa na watu kwa mlango wa chuma, na juu yake pana vibao vilivyowekwa makusudi ving'oke ili mlipuko utokee nje. Huko chombo huweza kuharibika na watu wakapona.

Waswahili walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa hawa, kimo chini ya kiti. Na kilichonisumbua ni kwamba hakikuwekwa hapo kwa uzembe, bali kwa hesabu: tani zilizopunguzwa, kimo kilichopunguzwa, askari aliyepunguzwa. Faida ya hesabu hiyo ilikwenda kwa serikali. Deni lake hulipwa na vijana watatu wasioulizwa kitu. Achoraye mashine ya kubeba watu, naona, akae kwanza yeye katika kiti hicho, kisha ainue kifuniko cha sakafu atazame.