Pua, Feleji na Chuma cha Kurandia Mwanzi

Ufito wa ndoana ulioundwa kwa mwanzi ni vibanzi sita vya pembetatu vilivyounganishwa kwa gundi. Kila kibanzi hurandwa kikiwa kimelala katika mfereji wa nyuzi 60 baina ya vyuma viwili vya mraba, vilivyobanwa kwa bolti ili mfereji uwe mpana mwanzoni na mwembamba mwishoni. Kifaa hicho nakiita kalibu, ijapokuwa kalibu ya wahenga ni ya kumiminia.

Hapa Sumbawanga, ukiomba chuma dukani utaulizwa: “Nondo au flatibaa, mwalimu?” Nondo ni ya duara na ina mikunjo, flatibaa ni bapa. Mimi nilitaka mraba wa milimita 19, urefu wa mita moja na nusu, vipande viwili. Ilinibidi kuagiza Mbeya kwa simu, na anayeagiza kwa simu hana ila neno lake.

Kamusi hutupa pua na feleji. Lakini siku hizi “chuma cha pua” madukani ni kile kisichoshika kutu, cha sufuria na masinki: ghali, tena huikataa tupa. Feleji nayo imebaki kwenye panga za washairi. Sidhani kama kuna muuzaji anayeiuza kwa jina hilo. Umaskini huu unaniudhi, kwa kuwa nchi hii ya Ufipa haikuwa maskini wa majina ya kazi ya chuma. Ilungu lilikuwa tanuri refu kama mita tatu, lililovuta upepo lenyewe bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado na taka, kikasafishwa katika kintengwe, tanuri dogo lenye mivukuto, ndipo kikamfikia mhunzi wa majembe. Padri Wyckaert aliandika habari za wahunzi hao mwaka 1914.

Basi nikasema kwa rangi: “Kile cheupe, si cheusi.” Cheusi huviringwa kikiwa cha moto, na hubaki na magamba. Cheupe huviringwa kikiwa baridi. Nyuso zake ni laini na vipimo vyake ni sahihi, ila ndani kina mkazo, na ukikikwangua upande mmoja huweza kupinda. Mshairi angependa kusikia kwamba cheusi ndicho kinyofu. Mwenye tupa peke yake hana anasa hiyo: kuondoa magamba na kusawazisha nyuso nane kwa mkono ni kazi ya miezi, ilhali mpindo mdogo huvutwa na bolti.

Vilipofika nilivilaza ubavu kwa ubavu dirishani. Havikupenyeza mwanga. Hilo halitoshi, maana vyuma viwili vyenye kombo moja hulaliana vizuri sana. Nikakigeuza kimoja, ncha ya kushoto ikaja kulia, uso uleule ukiwa juu. Katikati ukaonekana uzi mwembamba wa mwanga, unene wa karatasi mbili hivi. Bolti zitauziba.