Wastani wa Darasa

Shule nifundishayo iko Mishomoroni, ng'ambo ya Daraja la Nyali. Katika darasa moja hukaa Mgiriama, Mdigo, Mkamba, Mjaluo na Mswahili wa Mvita. Lugha yao ni Kiswahili, ingawa kila mmoja hukitia chumvi ya kwao. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003, mtoto wa mwenye duka na wa mchukuzi hushiriki dawati moja.

Hadi mwaka 2023, mtihani wa darasa la nane ulikuwa wa alama 500, na wazazi waliipima shule kwa wastani wake. Kipimo hicho sikukisadiki kamwe. Nilipata kufundisha msichana hodari wa hesabu; Jumatatu na Alhamisi hakuonekana, kwani alibaki kumlea mdogo wake, mamaye akienda kufua nguo za watu. Alama zake zilishuka. Akili yake haikushuka.

Sekondari msingi imeanza, lakini swali ni lile lile. Majuzi baba mmoja aliniuliza, "Mwalimu, shule yenu ni ya ngapi?" Nikamfungulia daftari la mahudhurio. Akalisoma kimya, kidole kikifuata jina la bintiye.