Jua tele Loiyangalani, lakini friji imezima

Mgeni afikaye Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, hupokewa na jua kali na upepo usiochoka. Kwa hivyo, tulipowasili huko jioni tukiwa na paneli mbili mpya za sola juu ya paa, sikuwaza hata kidogo kwamba tungekosa stima.

Gari letu lilikuwa basi dogo kuukuu lililowahi kubeba wanafunzi. Mjomba wangu, mwalimu mstaafu, aling'oa viti akatia vitanda viwili, jiko la gesi na friji ndogo. Friji hiyo haikuwekwa kwa ajili ya soda. Mjomba anaugua kisukari, na insulini yake ya akiba sharti ikae katika baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8.

Paneli ya zamani, ya wati 80, ilikuwa imelemewa. Kabla ya safari, fundi mmoja jijini alifunga mbili za wati 150 kila moja, akalipwa, akaenda zake. Nyaya nyembamba za zamani aliziacha. Aliacha pia kidhibiti chaji, kile kisanduku kinachosimamia umeme unaoingia kwenye betri.

Safari yenyewe ilikuwa tamu. Tulipita Nanyuki na Isiolo kwa lami hadi Laisamis, kisha tukashika barabara ya kuelekea ziwani. Karibu na Sarima tuliiona mitambo 365 ya upepo, ambayo umeme wake husafirishwa hadi Suswa.

"Mpwa wangu," mjomba akatania, "majirani hawa hawawezi kutukopesha hata wa balbu moja?"

Asubuhi ya pili utani uliisha. Friji ilikuwa vuguvugu. Kidhibiti kiliandikwa amperi 10, ilhali paneli zile huweza kutoa zaidi ya 15 jua likiwaka sawasawa. Kilikuwa kimeungua.

Mama mmoja mwenye kibanda cha chai alitupa mtungi wa udongo. Tulitia dawa katika mkebe mkavu wenye kifuniko, tukauweka mtungini, tukauviringishia mtungi gunia lililoloweshwa maji na kuuweka kivulini penye upepo. Maji yakikauka huondoka na joto. Baridi yake haifikii ya friji, lakini dawa iliepuka ukali wa mchana hadi tulipofika Marsabit, mjomba akanunua nyingine.

Fundi wa Marsabit hakugusa kitu kabla ya kuuliza friji inatumia umeme kiasi gani kwa siku. Alipiga hesabu: wati-saa 500 hivi. Betri yetu ya volti 12 na amperi-saa 100, ambayo haifai kutumiwa kupita nusu, ingetoa 600. Basi betri ilitosha. Akafunga kidhibiti cha amperi 30, nyaya nene, na fyuzi karibu na betri. Aidha, aliziinua paneli kidogo ili hewa ipite chini yake, kwani paneli ikipata joto sana hupungukiwa na nguvu.

Naam, msomaji, ukitaka kuongeza sola katika gari la zamani, anza na hesabu ya matumizi, ukague kila kiungo, ndipo upande kwenye paa.

Tangu siku hiyo friji haijazima. Hata hivyo, mtungi ule mjomba husafiri nao hadi leo.