Ibada Iliyohamia Nyumbani

Katika miaka ile ya kabla ya Uhuru, sisi watoto wa Wakatoliki wa vijiji vya ufukweni karibu na Musoma tuliifahamu ibada kuwa ni safari. Jumapili, kabla ya mapambazuko, nyumba nzima iliamka, tukaoga maji ya ziwa yaliyotekwa tangu jana, tukavaa nguo ambazo siku nyingine hazikuguswa, tukashika njia ya Nyegina, ambako Mapadre Weupe waliweka misheni mwaka 1911. Na tulipofika, wanaume walikaa upande wao na wanawake upande wao hali wamejitanda, padre akasoma Misa kwa Kilatini akiwa ametupa kisogo, nasi tukapiga magoti kwa taadhima, kila mtu na rozari yake, maadam maneno ya altareni hayakuwa yetu. Siidharau ibada ile hata kidogo. Ukimya wake ulinifundisha kumcha Mungu kabla sijajua kusoma. Ila Misa ilipokwisha tulirudi makwetu kana kwamba Mungu tumemwacha kule kule Nyegina hadi Jumapili ijayo, na kuanzia Jumatatu ng'ombe, nyavu na madeni vilikuwa ni mambo ya dunia tu.

Mama yangu peke yake hakuwa hivyo. Adhuhuri, upepo ukituletea kengele ya misheni, aliliacha jiwe la kusagia mtama, akajipangusa unga kwenye pindo la kanga, akasimama wima kusali Malaika wa Bwana; na jirani yetu, aliyekuwa Mmennonite wa Bukiroba, kama alikuwapo, naye alinyamaza na kuinamisha kichwa mpaka amalize, kisha wakaendelea kusaga. Wamennonite walikuwa wamefika Shirati mwaka 1934 na Bukiroba mwaka uliofuata. Na uamsho ulipowashukia mwaka 1942, watu walisimama mbele ya wenzao wakaungama dhambi zao waziwazi. Nakumbuka jirani yule akimwambia mama: "Dada yangu, mimi nilipookoka, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kurudisha jembe la watu." Kanisani kwao, baada ya Meza ya Bwana, waumini waliinamiana wakaoshana miguu, tajiri na maskini. Sisi tuliwaita wapotofu, kwani ndivyo tulivyofundishwa enzi zile. Lakini jembe lile lilinikaa moyoni kuliko kurasa nyingi za katekisimu.

Miaka mingi baadaye, nikizungumza na wazee wa Kizanaki pale Butiama, nilipata fikra ambayo sijaiacha. Mababu zao hawakuwa na siku moja ya kuomba. Waliomba mvua ikichelewa, waliomba mbegu zikitaka kuingia ardhini, mtoto akiugua, ugomvi ukitaka kumalizwa. Na msitu wa Muhunda, ambao mpaka leo watu wauheshimu, ulikuwa karibu na nyumba zao, haukuhitaji safari. Wamisionari walituletea Injili, neema ambayo siwezi kuilipa. Lakini pamoja nayo, bila kukusudia, waliifanya ibada ikae mbali na shamba, na ikatuchukua zaidi ya nusu karne kuirudisha.

Mwana mmoja wa Butiama aliiunganisha ibada na shamba mapema. Julius Nyerere, mtoto wa Mtemi Burito, alipokuwa shule ya Mwisenge alikuwa akienda Nyegina kujifunza dini, na hapo akabatizwa tarehe 23 Desemba 1943. Hata katika urais wake alijitahidi kuhudhuria Misa kila siku, na alipong'atuka alirudi kijijini akalima, akazitia Injili katika tenzi za Kiswahili, zikatolewa mwaka 1996 na wachapaji Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Mtu aliyeshughulikia mahindi na Mathayo kwa bidii ile ile hahitaji kuelezwa ibada ni nini.

Sisi wengine tulifundishwa na jumuiya. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipokwisha mwaka 1965, Misa ilikuja kwa Kiswahili, ngoma zikaingia kanisani, na wazee wengine wakalia kwa furaha na wengine kwa majonzi. Katika parokia za Wajaluo kama Nyarombo, kaskazini ya Mara, mapadre wa Maryknoll walikwisha kuanzisha vikundi vidogo vya waumini, ndizo jumuiya zenyewe. Na mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki wakaviweka mbele ya shughuli zote za uchungaji.

Wakati huo nilikuwa nimehamia Bunda kwa kazi ya pamba. Jioni moja jumuiya yetu ilikutana uani kwa mjane mmoja, kila mtu na kigoda chake, taa ya chemli juu ya kinu kilichofudikizwa. Walikuwapo wanaume wawili waliokuwa wakigombea mpaka wa shamba, wamekaa mbalimbali, hawatazamani. Mwenyekiti, mzee asiyejua kuandika ila jina lake, alifunga kitabu cha sala akasema: "Wanangu, hatuanzi." Tukakaa kimya muda mrefu, mbu wakituuma, mpaka mkubwa wao alipoinuka akamwambia mwenziwe, "Ndugu yangu, kesho asubuhi twende tukauangalie pamoja." Hapo ndipo mzee alipofanya ishara ya msalaba. Asubuhi tulikwenda sote, tukapanda minyaa mahali walipoafikiana, na kwangu mimi kazi ile ya majembe ilikuwa ndiyo mwisho wa sala ya jana yake.

Bunda imekuwa jimbo tangu mwaka 2010, makanisa ni makubwa, kwaya zina vinanda na vipaza sauti, nami nafurahi. Kinachonihuzunisha ni kwamba jumuiya nyingi ninazozitembelea siku hizi, tangu Musoma mjini hadi vijijini, hufungua kikao kwa daftari la michango, na Injili husomwa haraka haraka watu wakitazama saa. Nawasihi viongozi wa jumuiya zetu: michango ni haki ya Kanisa, lakini daftari lije mwisho. Kwanza lisomwe Neno, kisha muulizane nani mgonjwa, nani amekosana na nani, na nyumba gani leo haikuwasha moto.